Ufuko Unaohama: Historia ya Kingo za Maji Ugogo

Mvua inayonyesha Dodoma ina njia tatu za kuondokea. Ile ya mashariki huingia mto Kinyasungwe, ikapitia Kilosa na mto Wami hadi Bahari ya Hindi pale Saadani. Ile ya kusini huteremkia Mtera, ikafuata Ruaha Mkuu na baadaye Rufiji. Ile ya magharibi huishia Bahi, na kutoka Bahi hakuna mto unaokwenda popote. Maji hutandaa mbugani, jua likayanywa, chumvi ikabaki.

Kila njia kati ya hizo ina ufuko wake: Hombolo upande wa mashariki, Mtera kusini, Bahi magharibi. Ukisonga mbele hadi Singida utakuta maziwa mengine mawili ya magadi, Singidani na Kindai, yaliyozungukwa na majabali ya matale. Kwa nchi inayojulikana kwa ukame, hizo si kingo chache. Ila hakuna hata moja inayokaa mahali pamoja. Mvua ya mwaka mzima huwa kati ya milimita 500 na 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua la Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, lina nguvu ya kukausha zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Kwenye Bahari ya Mediterania, ambako maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo tu, wageni wa Kiingereza waliokwenda kukwepa baridi huko Nice, Ufaransa, walichangia barabara ya matembezi kando ya bahari katika miaka ya 1820, na mpaka leo barabara hiyo iko palepale ukingoni. Mtu aliyejenga ukingoni mwa maji ya Ugogo mwezi Mei, Novemba angejikuta anaishi porini.

Ndiyo maana historia ya fukwe za nyanda hizi si historia ya mapumziko. Ni historia ya ardhi inayoachwa na maji: nani ana haki ya kuikanyaga, kuilima, kuichunga, na nani anamlipa nani.

Mchanga na hongo

Ufuko wa zamani kuliko zote hapa ni mto wenyewe. Kwa miezi saba au minane ya kiangazi makorongo ya Ugogo huwa mchanga mtupu, mweupe, mpana, na maji yako chini yake. Mwanamke anayekwenda kuteka hupiga magoti, akafukua mchanga mkavu kwa kipande cha kibuyu mpaka akutane na unyevu, akaendelea mpaka kuta za shimo zianze kutoa jasho. Hapo hungoja. Maji ya kwanza ni tope, humwagwa kando. Yanayofuata huchotwa kwa kata, kidogo kidogo, hadi chombo kijae. Kiangazi kikizidi shimo hushuka kupita kimo cha mtu na huchongwa vipandio. Juu yake huzungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasilibomoe. Kazi kama hiyo huzaa haki. Aliyechimba ndiye anayeanza kuteka, na mgeni huomba kwanza.

Wageni walipoanza kuja kwa mamia, maombi yakageuka kuwa kodi. Katika karne ya 19 njia kuu ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata katikati ya Ugogo. Baada ya Mpwapwa msafara ulifika Chunyo, penye maji machungu, na mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, pori la kiasi cha kilomita 50 lisilo na maji ya kutegemewa. Wapagazi walilivuka kwa terekeza: wanapika na kunywa mapema, wanajaza vibuyu, wanaondoka jua likiwa utosini, wanatembea hadi usiku, wanalala na kiu, alfajiri wanaendelea. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliyekosea hesabu ya siku moja aliweza kupoteza watu na punda.

Waliotoka hai Marenga Mkali waliingia kwenye nchi za watemi wa Kigogo, na hapo palikuwa na mabwawa ya asili, visima na chakula. Palikuwa na hongo pia, yaani kodi ya kupita. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871, na wote walilipa kwa doti za merikani, kaniki, na shanga. Mtemi Magomba wa Kanyenye alimtoza Burton, na Stanley alipofika miaka 14 baadaye alimkuta Magomba yuleyule, sasa mzee, angali akitoza. Vitabu vya wasafiri hao vimejaa malalamiko kuhusu Wagogo kuwa ni wanyang'anyi.

Hebu tuliangalie jambo hilo kutoka upande wa kisima. Msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu, mwingine zaidi ya elfu, pamoja na punda na mbuzi. Ukipiga kambi siku tatu kando ya bwawa katika mwezi wa Septemba, unaondoka umeacha tope. Mvua iko mbali miezi mitatu. Ng'ombe wa mwenyeji, ambao ndio mahari yake, akiba yake na heshima yake, watakunywa nini? Hongo ilikuwa bei ya maji ambayo hayangerudi mwaka ule. Nchi nyingine njiani zilitoza pia, lakini Ugogo ilitoza sana kwa sababu maji yake yalikuwa machache na msafiri hakuwa na njia ya kuyakwepa.

Ukingo wa maji ulitoa bidhaa nyingine pia. Kwenye mbuga za magharibi, maji yanapokauka, uso wa ardhi hupata ukoko mweupe. Ukoko huo ulikwanguliwa, ukatiwa kwenye chujio la majani, ukamiminiwa maji. Yaliyodondoka yalichemshwa kwenye chungu mpaka yakauke, na chini pakabaki chumvi ya kijivu yenye ladha kali. Wapagazi wa Kinyamwezi waliinunua na kuisambaza kwao. Kwa hiyo hata ufuko uliokauka kabisa ulikuwa na mwenyewe na soko lake.

Reli na njaa

Wajerumani walipojenga boma Mpwapwa mwaka 1889, kisha Kilimatinde juu ya ukingo wa bonde la Bahi, enzi ya hongo ilikuwa inaisha. Iliondolewa kwa bunduki. Haki ya watemi juu ya maji haikununuliwa wala kujadiliwa; ilifutwa tu, na tangu wakati huo msafiri aliyekuwa na karatasi ya serikali alikunywa bure.

Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli hiyo nayo ilikuwa na kiu. Injini za mvuke hazisogei bila maji, na kati ya Gulwe na Manyoni kuyapata ni kazi. Tena njia yenyewe ilipita pembeni mwa mbuga ya Bahi, penye vumbi mwaka mmoja na mafuriko mwaka mwingine. Wenyeji walioujua ufuko wa Bahi walijenga tembe zao juu, mbali na maji. Wahandisi waliochora mstari ulionyooka walilazimika kuutengeneza mara kwa mara, na mstari huo unaendelea kutengenezwa: mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilisomba tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta balaa kubwa zaidi. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kwa zamu yao yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo wazee wa Kigogo waliita Mtunya, iliua watu ambao utawala wa Waingereza uliwakadiria kufika 30,000 katika nchi yenye watu kiasi cha 150,000. Ugogo ilikuwa imezoea ukame, na dawa yake ilikuwa kuhama: kupeleka mifugo kwa ndugu wa mbali, kufuata maji yanakorudi nyuma, kubadilishana ng'ombe kwa nafaka. Vita vilizuia yote hayo kwa mpigo.

Mabwawa ya serikali

Waingereza nao walikuwa na somo lao la kujifunza kuhusu mvua. Mwaka 1947 walianza kulima karanga Kongwa kwa matrekta, kwa matumaini ya kuilisha Uingereza mafuta ya kula. Udongo ukawa mgumu kama saruji baada ya mvua, mvua yenyewe ikakataa kufuata ratiba, na Januari 1951 mpango ukaachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni.

Katika miaka hiyo ya mwisho ya ukoloni serikali iligeukia malambo na mabwawa, ili ng'ombe wasitembee mbali na miji ipate maji. Bwawa la Hombolo, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, lilikamilika mwaka 1957 kwa kuziba Kinyasungwe Ndogo. Kwa mara ya kwanza watu wa Dodoma walikuwa na ukingo wa maji mapana usiokauka kila mwaka. Wavuvi wa perege na kambale wakaja, bustani za mboga zikafuata, na mpaka leo mtu wa mjini anayetaka kukaa Jumapili mbele ya maji huelekea huko. Lakini maji ya Hombolo yana chumvi, kwa kuwa ardhi yanakopita ni ileile iliyowapa Wagogo biashara ya zamani. Mji wa Dodoma ulikwenda kutafuta maji yake ya kunywa chini ya ardhi, kwenye visima vya Makutupora.

Hombolo ina kitu kingine kinachoiunganisha na Mediterania kuliko mchanga wowote: mizabibu. Zao hili, lililoletwa Dodoma na wamisionari, limelipenda jua la nyanda hizi na ukavu wake. Kwenye fukwe za Italia au Ufaransa mkulima huvuna mara moja kwa mwaka, kwa kuwa baridi huulaza mzabibu. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mkulima hupogoa, mzabibu huchipua, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Anachohitaji ni maji katika miezi ambayo mbingu haina la kusema, ndiyo sababu mashamba ya zabibu yaliusogelea ukingo wa bwawa.

Adui wa mabwawa hayo hakuwa jua peke yake. Mwaka 1972 mwanajiografia wa Sweden, Anders Rapp, na wenzake walichapisha utafiti wa mabwawa manne ya karibu na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi. Walipima mchanga na matope yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya kuta, na hesabu yao ilionyesha kwamba mabwawa ya namna hiyo hujaa udongo katika miongo michache tu. Mvua chache za Ugogo huja kwa kishindo, zikianguka juu ya ardhi iliyokwisha kuliwa na mifugo na shoka, na kila korongo hubeba mlima wake kwenda bwawani. Kila mwaka ufuko unasogea, safari hii kwa sababu chini panapanda.

Serikali ilijibu kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulioanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Majani na miti ikarudi, na mito ikaanza kutulia. Gharama yake waliibeba wafugaji walioambiwa wahame, na wakahama.

Mtera

Ufuko mkubwa kuliko zote za nyanda za kati ulitengenezwa kwa ajili ya watu walio mbali. Kituo cha umeme cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, na ili mitambo yake isikose maji wakati wa kiangazi palihitajika ghala kubwa juu ya mto. Ghala hilo likawa Mtera, pale Ruaha Mkuu unapopokea Kizigo, kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa. Ukuta ulijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na mwaka 1988 kituo cha Mtera chenyewe kikaongezwa, chenye uwezo wa megawati 80. Bonde likajaa maji kwenye eneo la kiasi cha kilomita za mraba 600. Mibuyu na migunga iliyozama ilibaki imesimama humo, mikavu, ikawa viti vya ndege.

Kwa kanuni za uendeshaji, maji ya Mtera yanaweza kufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mitambo hutakiwa kusimama yakishuka hadi mita 690. Mita nane na nusu ni kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Lakini bonde la Mtera ni tambarare, na kwenye tambarare kila mita ya kushuka huyarudisha maji nyuma kwa umbali mrefu. Kati ya Mei na Desemba ufuko huhama kwa kilomita nyingi, na watu huhama nao.

Wavuvi huishi kwenye dago, kambi ya vibanda vya matete na turubai inayosimikwa karibu na maji na kung'olewa maji yanaposogea. Nyuma ya maji wakulima hupanda mahindi na mboga kwenye tope lenye rutuba. Nyuma ya wakulima wafugaji huleta ng'ombe kwenye majani mabichi. Viboko nao huja usiku kudai sehemu yao, na mamba hawahitaji kuhama kwa kuwa chakula huwafuata. Kando ya barabara ya Dodoma hadi Iringa, karibu na ukuta, akina mama huuza samaki waliokaangwa na waliokaushwa kwa abiria wa mabasi. Mvua zikirudi, maji hupanda na kulimeza shamba la aliyechelewa kuvuna. Hana wa kumshtaki.

Hapa ndipo sheria ilipokutana na ufuko unaohama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kwenye Ziwa Viktoria mita 60 zinapimika. Mtera utapimia wapi? Ukipimia kwenye mstari wa maji ya Mei, wakulima wote wa tope wako ndani ya bwawa na wamevunja sheria. Ukipimia kwenye maji ya Novemba, mstari unabadilika kila wiki. Jibu la kila msimu hutegemea ofisa aliyepo na ukali wa amri aliyopewa.

Shida nyingine ilitoka juu ya mto. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa kwa sehemu ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, baada ya mashamba ya mpunga na mifugo kuongezeka katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Ukame wa 2005 na 2006 uliifikisha Mtera kwenye kina cha chini sana, na nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Serikali ikawaondoa wafugaji Usangu. Ukingo wa maji uliokuwa Mbeya na ule wa Mtera ulikuwa umefungwa kwa kamba moja, na aliyeivuta alikuwa Dar es Salaam.

Mji mkuu na maji yake

Mwaka 1973 TANU iliwauliza wanachama wake kuhusu kuhamishia makao makuu Dodoma. Matawi 1,017 yakakubali, 842 yakakataa, na Oktoba mwaka huohuo uamuzi ukatangazwa. Uhamisho wenyewe ulikwenda polepole hadi Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote inahamia. Dodoma ikawa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na sensa ya 2022 ikahesabu humo watu 765,179. Malori hushusha mchanga wa makorongo kwenye viwanja vya ujenzi, mchanga uleule uliokuwa ukihifadhi maji ya kuchimba. Visima vya Makutupora havitoshi tena.

Bahari yenyewe imesogea. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 21 na kuingia Ugogo Mei. Treni ya reli ya kisasa, iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, humfikisha mkazi wa Dodoma Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne, akala mihogo Coco Beach na kurudi jioni. Anayetaka ufuko wa kuogelea sasa anao, na hautahama.

Kiu ya jiji ni jambo jingine. Serikali imekuwa ikiandaa bwawa kubwa Farkwa, wilayani Chemba, ili Dodoma ipate maji ya uhakika. Litazuia mto Bubu, nao Bubu ndio unaoilisha Bahi, ambako watu hulima mpunga na kuvua kambale katika miaka ya neema. Ufuko mpya utakaozaliwa Farkwa utaupunguza ufuko wa zamani wa Bahi. Mtera ilifuata mtindo huohuo: manufaa yalikwenda mbali, hasara ilibaki ukingoni, na waliolima tope walihesabiwa kuwa wavamizi. Watemi wa karne ya 19 walikuwa na mfumo wa kikatili wakati mwingine, lakini ulikuwa na kanuni moja iliyo wazi: anayekuja kunywa huzungumza na mwenye kisima kabla ya kunywa. Farkwa inaweza kujengwa kwa kanuni hiyo. Maji ya kuifungulia Bahi yanaweza kuwekwa kwenye ratiba kama yanavyowekwa maji ya mitambo, na haki ya kulima na kuchunga kwenye ardhi ya kupwa inaweza kuandikwa msimu kwa msimu, kijiji kwa kijiji. Wahandisi wamekwisha kupima bonde la Farkwa. Watu wa Bahi nao wanastahili kukaa kwenye meza hiyo kabla ukuta haujaanza kupanda.